Uzi: Siatika, mafuta ya Kerala na siku 14 nilizolala kifudifudi

Dereva wa Boza (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila wiki humu kuna mtu analia na mgongo unaoshuka mguuni, hiyo ndiyo siatika, na kila uzi wa namna hiyo unaishia kwa jamaa mmoja kuandika "nitafute pembeni, dawa ipo". Mimi sina dawa ya kuuza. Nina mgongo wangu tu, na siku 14 nilizokaa Kerala, kusini mwa India, kwa madaktari wa Ayurveda, tiba yao ya kale, nimeona niziandike kabla sijazisahau. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama.

Mimi mtu wa Tanga, niko Maskati mwaka wa tisa, naendesha boza la maji. Kazi yenyewe ni kukaa saa mbili, kuruka chini, kuvuta mpira mnene uliojaa maji, kuuviringisha, kupanda tena. Mwaka juzi niliinama kuokota mdomo wa mpira nikasikia kitu kimeachia kiunoni. Siku ya kwanza nilidhani msuli. Siku ya tatu moto ukaanzia kwenye tako la kulia, ukapita nyuma ya paja, ukashuka kwenye shavu la mguu mpaka kidole kidogo. Kupiga chafya ilikuwa adhabu. Sala zote nikasali kwenye kiti.

Hospitali walinipima vizuri, sina la kulalamika. MRI ikaonyesha diski kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa wa nyonga ya nyuma imetokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Daktari akanipa vidonge, akaniambia nisilale siku nzima, nitembee, nirudi baada ya wiki sita. Upasuaji akasema bado. Wiki ya saba maumivu yalikuwa yameshuka, lakini kwenye kiti cha gari nilikuwa siwezi kumaliza dakika 20. Na dereva asiyeweza kukaa ni abiria.

Hapo ndipo Mmalayali, yaani mtu wa Kerala, tunayefanya naye kazi akaniambia: likizo yangu iko Julai, twende kwetu, ndio msimu. Wasiojua, watu wa Kerala wana mwezi wao unaitwa Karkidakam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua zinamwagika, kazi za shamba zimepungua, na ndio mwezi wa kutibiwa na kula dawa za kujenga mwili. Ndege ya Maskati kwenda Kozhikode imejaa watu wenye viuno vibovu, naapa.

Tulikwenda kliniki ndogo upande wa Malappuram, si mbali na Kottakkal ambako kuna ile hospitali kongwe ya Ayurveda, Arya Vaidya Sala, iliyoanzishwa na P. S. Varier mwaka 1902. Kwangu ilikuwa ndogo zaidi, vyumba nane. Daktari mwanamke, amesomea Ayurveda chuo kikuu. Kule ni shahada ya miaka mitano na nusu ukijumlisha mwaka wa mazoezi hospitalini, si mtu ameota usiku akaamka mganga. Kitu cha kwanza alichoomba ni picha za MRI. Cha pili akanilaza chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka. Ulipofika kama nyuzi 40 nikapiga kelele. Akacheka, akasema hicho kipimo wanacho kwenye vitabu vyao vya kale: mgonjwa wa maradhi haya hawezi kunyanyua mguu.

Maradhi yenyewe wanayaita Gridhrasi. Gridhra ni tai, yule ndege mla mizoga. Mwenye siatika anatembea kama tai aliyetua chini, anaburuta upande mmoja, kajikunja. Nilipotoka nje nikajitazama kwenye kioo cha dirisha la mapokezi, kweli, tai mtupu.

Charaka, tabibu wao wa kale, anayahesabu kwenye maradhi 80 ya *vata*, yaani upepo. Anaeleza njia yake: yanaanzia kwenye tako, kiuno, mgongo, paja, goti, shavu la mguu, mpaka unyayo, na kukakamaa na kuchomachoma kama sindano. Mtu ameandika hayo bila MRI. Wakati mwingine upepo unachanganyika na *kapha*, mambo ya ute na uzito, basi mgonjwa anakuwa mzito, ana usingizi, chakula hakitaki.

Sasa sikilizeni hili. Nilimuuliza huo upepo ukoje. Akasema: baridi, mkavu, mwepesi, hautulii. Nikakaa kimya. Sisi maumivu ya viungo tunayaita nini? *Baridi yabisi*. Yabisi ni ukavu, neno limetoka kwa Waarabu na utabibu wao wa kale. Bibi yangu Pangani alikuwa akisema "nina baridi yabisi" bila kujua Sanskriti hata herufi moja. Na dawa yake ilikuwa ileile: joto na mafuta.

Ndiyo matibabu yenyewe kwa ufupi. Kama ni baridi na ukavu, unapasha na kulainisha. Asubuhi watu wawili wanakupaka mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, mmoja kulia, mmoja kushoto, mikono inakwenda pamoja. Kisha mvuke. Kisha vifurushi vya majani, wanaita *elakizhi*. Mara ya kwanza nilidhani wanapika mchuzi: wanakatakata majani, wanaweka nazi iliyokunwa na ndimu, wanakaanga kwenye mafuta, wanafunga kwenye kitambaa na kukugongagonga nacho kikiwa cha moto. Nikachungulia lile beseni la majani nikakuta mnyonyo na mkwaju. Mnyonyo huu huu unaoota jalalani kwetu Tanga, Makorora.

Kubwa kuliko yote kwa kiuno ni *kati basti*. Unalala kifudifudi. Wanakanda unga wa choroko nyeusi, ule wa kutengenezea idli, mikate yao ya mvuke, mpaka unakuwa kama donge la chapati gumu. Wanaviringisha, wanazungushia ukuta wa duara juu ya kiuno, wanaubandika kwa vidole vyenye maji ili usivuje. Ndani wanamwaga mafuta ya moto taratibu, kijana anatumbukiza kidole chake kwanza. Yakipoa anayanyonya kwa pamba, anayakamua kwenye bakuli, anaongeza mengine. Dakika 40 hivi. Siku ya tatu ukuta ukapasuka ufa upande wa kushoto, mafuta yakatiririka mbavuni mpaka kwapani, yule kijana akaziba kwa donge la unga kama fundi anayeziba tenki. Mimi mtu wa maboza nilicheka mpaka mgongo ukauma.

Halafu kuna *basti* yenyewe, ile ya dawa kuingizwa njia ya haja kubwa. Siielezi sana. Wao wanasema makao ya upepo ni utumbo mpana, ndiyo maana Charaka anaiita nusu ya tiba yote. Nilifanyiwa ya mafuta kidogo siku tano. Aibu yake inaisha siku ya pili.

Chakula uji wa mchele wa moto, mboga zilizopikwa, hakuna barafu, hakuna kulala mchana. Akaniuliza kama nabana mkojo njiani. Nikamwambia mama, mimi dereva. Akaandika. Kubana haja ni moja ya sababu za upepo kuharibika kwa hesabu zao. Sijui kama inahusiana na diski yangu, ila nimeacha.

Gharama: chumba, chakula na matibabu vilinila takriban rupia elfu 56, bila nauli. Kwa wanaotoka nyumbani, India ilianzisha viza maalumu ya AYUSH, yaani ya matibabu ya asili kama Ayurveda, mwaka 2023.

Matokeo. Siku ya 12 nilikaa kwenye kiti cha plastiki dakika 45 bila kuhama tako. Nilirudi kazini, bado naendesha. Sijapona kabisa, nikivuta mpira vibaya mguu unanikumbusha.

Msimamo wangu ni huu, na najua nitatukanwa na pande zote mbili: mafuta, joto na mikono ni kitu kimoja, vidonge na unga wa kumeza ni kitu kingine. Watu wanavifunga kwenye furushi moja la "Ayurveda" kisha ama wanabeba vyote ama wanatupa vyote. Mimi cha nje nilikipokea bila maswali. Cha kumeza nilikiuliza jina lake na kilichomo, kimoja kimoja.

Uzi uko wazi.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu umeandika vizuri lakini swali ni moja. Wiki ya saba mwenyewe unasema maumivu yalikuwa yameshuka. Ukaongeza siku 14, inakuwa wiki ya tisa, kumi. Siatika nyingi zinapungua zenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12. Ungekaa Tanga ukala mihogo na papa ungeandika uzi wa kusifu mihogo.

---

Dereva wa Boza

@Kichwa Ngumu inawezekana kabisa, sibishi. Ndiyo maana sijaandika "nimeponywa". Nimeandika nilikaa dakika 45.

---

Nesi wa Zamu

Habari zenu. Niko wodi ya mifupa mwaka wa 11, nachangia kidogo.

Kichwa Ngumu yuko sahihi. Ile nyama ya diski iliyotokeza mara nyingi mwili wenyewe unaila polepole, ukirudia MRI baada ya miezi unakuta imesinyaa. Huo mshipa wa siatika ndio mnene kuliko yote mwilini, unakaribia kidole gumba, unaundwa na mizizi kutoka pingili za chini za kiuno na za nyonga. Ukibanwa juu, maumivu unayasikia chini. Kwa hiyo kuchua shavu la mguu peke yake ni kumpiga mtoto kosa la baba.

Lakini tusijifanye hospitali tuna muujiza. Pregabalin, dawa ya maumivu ya neva, tunaandikia watu kila siku. Jaribio la Australia lililochapishwa 2017, wagonjwa 209 wa siatika, haikufanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa, ila kizunguzungu ilileta. Miongozo ya Uingereza siku hizi inasema msiwape wenye siatika dawa za kundi hilo. Kinachobaki ni mazoezi, kujongea, muda, na upasuaji kwa wachache. Sasa mgonjwa ambaye kapewa joto, kachuliwa, kaambiwa utapona, kalazimishwa kuacha kuvuta mpira wa maji, na kila siku mtu anamgusa kwa dakika 90, akisema nimepata nafuu mimi simcheki. Kwetu daktari anamwona dakika sita.

Niliwahi kusoma la Berlin pia, 2018, hospitali ya Charité: wagonjwa 151 wa magoti yaliyosagika, nusu Ayurveda nusu matibabu ya kawaida. Wa Ayurveda walipata nafuu zaidi. Ila kila mtu alijua anapewa nini, na hayo ni magoti, si siatika. Kwa kati basti majaribio yapo ila ni madogo madogo.

Dalili ambazo MAFUTA HAYAHUSIKI: mguu au unyayo unaolegea na kuburuzika, ganzi sehemu unayokalia na sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, haja kubwa kupotea, homa pamoja na maumivu ya mgongo, kukonda bila sababu, au ukiwahi kuugua saratani. Hayo ni hospitali, na ya mkojo ni saa, si siku.

---

Bi Kisauni

Assalam aleikum. Mimi ni wa Mombasa. Nyanya yangu alikuwa akitupaka mafuta ya mbarika, huo mnyonyo wenu, kiunoni, anayapasha kwenye kijiko juu ya jiko la makaa, halafu anatufunga kwa kitambaa cha leso kuukuu. Na majani yenyewe akiyapasha motoni mpaka yalegee, akiyalaza juu. Alifunzwa na jirani wa Kihindi wa Old Town ama jirani alifunzwa na yeye, mpaka leo twabishana nyumbani.

Ila mwanangu, hayo mafuta yasiwe ya kunywewa ovyo. Wengine wakisikia dawa ya Kihindi wanakunywa kikombe kizima, kisha siku nzima choo. Na mja mzito asiguse kabisa.

---

Dereva wa Boza

@Bi Kisauni shikamoo mama. Kerala nao wanayo hayo ya kunywa, mnyonyo wanauita eranda: kijiko cha mafuta ndani ya *kashayam*, ile dawa chungu ya mizizi iliyochemshwa. Niliinywa siku mbili kwa usimamizi. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa.

---

Tiba Hakika Dom

Wakuu kwa wenye siatika, pingili kusagika, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo, tuna unga ORIGINAL wa Ayurveda kutoka India, siku 21 unasahau. Nitafute pembeni.

---

Kichwa Ngumu

Nilikuwa nahesabu, amefika posti ya saba. Amechelewa leo.

---

Dereva wa Boza

@Tiba Hakika Dom una orodha ya vilivyomo? Nambari ya usajili? Taja hapa hapa, pembeni pana giza.

Wakuu hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Ayurveda ina tawi lake linalotumia madini yaliyochomwa, *bhasma*: zebaki, risasi, na mengine. Wao wanaamini yakichomwa inavyotakiwa yanakuwa salama. Mwaka 2004 Dkt. Robert Saper na wenzake Boston walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Wahindi mjini humo, wakapima. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. 2008 wakapima 193 zilizouzwa mtandaoni, karibu moja katika kila tano hivyo hivyo, zikiwemo za Marekani kwenyewe. Risasi ikikaa mwilini inakula neva. Yaani unatibu neva kwa kinachoua neva.

Cha kuchekesha, Saper huyo huyo ndiye aliyeongoza jaribio la yoga kwa maumivu sugu ya kiuno, likatoka 2017: watu 320, wiki 12, yoga haikuzidiwa na fizio, yaani tiba ya mazoezi ya hospitali. Kwa hiyo si mtu mwenye chuki na Wahindi. Anapima tu.

Mimi daktari wangu aliniandikia vidonge vya guggulu, ni utomvu wa mti wa jamii moja na manemane, na vingine vyenye bhasma. Hivyo vya pili nilimrudishia mezani. Hakununa. Akasema wagonjwa wake wa Ujerumani wote wanafanya hivyo.

---

Nesi wa Zamu

Naongezea: hata mizizi mitupu ina mambo yake. Ashwagandha imeshahusishwa na watu kuumwa ini, na mjamzito asitumie. Mwenye dawa za kuyeyusha damu, kisukari, presha au tezi ya shingo, amwambie daktari wake kila anachomeza. Na kwa Tanzania waganga na dawa hizi vinasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya 2002. Kuuliza usajili si matusi.

---

Mpemba wa Salalah

Sheikh mleta uzi, hapa Salalah, Oman, ubani ni wetu, na Wahindi wana dawa ya viungo wanaiita shallaki, ni ubani. Ndio uleule?

---

Dereva wa Boza

Ni ndugu wa mbali. Shallaki ni Boswellia, mti wa ubani, ya India; wa kwenu Dhofar ni aina nyingine ya mti huohuo. Endelea kufukiza nyumba.

---

Binti Ilongero

Samahani naomba kuingilia. Niko Singida. Mama yangu ana miaka 61, mgongo unamsumbua tangu Machi, unashuka miguu yote miwili. Nimesoma uzi huu wote nikaenda mjini nimenunua mafuta ya ufuta lita moja na choroko nyeusi sijazipata, muuzaji kanipa za kijani. Je, unga wa choroko za kijani unashika? Na mafuta yawe ya moto kiasi gani?

---

Dereva wa Boza

Za kijani sijawahi kuona wakitumia, na ule ukuta ukivuja na mafuta ya moto utamwunguza mzee. Usianze na hilo. Anza na kitambaa cha maji ya moto, cha kuvumilika upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Lakini kabla ya yote, ameshapimwa? Miguu yote miwili siipendi.

---

Nesi wa Zamu

@Binti Ilongero weka mafuta chini unijibu haya. Anakojoa kawaida? Akijifuta chooni anasikia? Anatembea?

---

Binti Ilongero

Hajapimwa. Kutembea anashikilia ukuta tangu juzi. Nimemuuliza sasa hivi, anasema jana usiku alikaa chooni muda mrefu mkojo haukutoka, leo umetoka kidogo tu. Na anasema huku anakokalia ni kama amekalia godoro, hasikii vizuri. Alikuwa anaona aibu kusema.

---

Nesi wa Zamu

Dada, huo si mgongo wa kuchua. Nenda hospitali ya mkoa sasa, usingoje asubuhi, usimchue, usimpandishe bodaboda, alale kwenye kiti cha nyuma cha gari. Ukifika waambie maneno haya: mkojo umegoma, ganzi sehemu ya kukalia, miguu inalegea. Wayasikie hayo kabla ya neno "mgongo", maana ukianza na mgongo watakupa diclofenac, dawa ya maumivu tu, na kukurudisha.

---

Kichwa Ngumu

Binti, usafiri unao? Kuna shemeji yangu Singida mjini ana Noah, nakutumia namba yake kwa ujumbe sasa hivi.

---

Binti Ilongero

Tumepata gari. Tunaondoka.

---

Bi Kisauni

Twakuombea mwanangu. Tujulishe.

---

Binti Ilongero

Nimeyasema kama yalivyo, nesi wa mapokezi akamwita daktari palepale. Wamemwekea mpira wa mkojo, umetoka zaidi ya lita. Wanasema mishipa ya chini ya uti wa mgongo imebanwa, anahamishiwa Dodoma usiku huu kwa ambulensi, mimi nakaa naye nyuma. Asanteni. Ile lita ya mafuta imebaki kwenye gari la watu, sijui hata nitampigia nani.